Mlango wa Mbele

Nimelala nchi nyingi, lakini mtaa ambao watu huingia majumbani mwao kwa dirisha sikuwahi kuuona mpaka niliporudi kwa mdogo wangu, Mwantumu. Mtu mzima wa miaka sitini, alikuwa akipitisha dirishani ndoo ya maji kwanza, kisha mguu. Nilimcheka, nikashika kitasa cha mlango wa mbele na kuufungua.

"Kaka, usiguse!"

Nilikuwa nimeshagusa. Sauti tamu ya kike ilitoka kwenye fremu: "Uamuzi wa halmashauri umekufikia. Nyumba hii itabomolewa kesho. Muda wa kuweka pingamizi mahakamani ni dakika sitini, kuanzia sasa."

Ndipo nikaelezwa. Mlango usipofunguliwa, uamuzi huhesabiwa haujafika. Mwantumu alikuwa hajaufungua kwa miaka sita. Hata jeneza la mumewe lilipitishwa dirishani.

"Mahakama iko wapi? Nitakimbia."

"Na goti hilo bovu? Hata kwa gari ni mwendo wa saa tatu."

Majirani waliisikia ile sauti. Wakafunga madirisha yao, moja baada ya jingine, bila hata salamu. Nikataka kuurudishia mlango.

"Uache wazi," Mwantumu akasema. "Sasa utazuia nini?"

Upepo ukaingia sebuleni. Akanimiminia chai, nusu ikaishia kwenye sahani.

"Zimebaki dakika hamsini," mlango ukasema.

Mwantumu akautazama mkoba wangu, ambao bado ulikuwa begani.

"Umekuja kukaa siku ngapi, kaka?"

Safari hii nilikuwa nimekuja kukaa moja kwa moja.