Mibofyo ya Simu Moja

Kompyuta ilikataa kwa mara ya kumi na moja, na Tunu akasonya kwa sauti.

Siku ya nne hiyo alikuwa akihangaika kuunganisha akaunti ya matangazo ya kiwanda cha magodoro, na ile inayohesabu wageni wa tovuti, kwenye ghala moja la data mtandaoni. Akiipa hii ruhusa, ile inaidai upya.

"Bado tu, mwanangu?" aliuliza Mzee Shekue, mwenye kiwanda, macho yakiwa kwenye simu yake. "Tangazo linabofywa kutwa, kila mbofyo nalipia, godoro halinunuliwi hata moja. Wiki ijayo nafunga kiwanda!"

"Mzee, ungeacha kuniuliza ningeshamaliza."

Mara ya kumi na mbili ikakubali. Takwimu zikamiminika. Tunu akasoma, akasogeza kiti, akasoma tena. Karibu mibofyo yote ilitoka kwenye simu moja, na simu yenyewe ilitumia mtandao wa ofisi hii hii.

"Mzee!" Aliinuka amefura, akamwendea. "Kumbe ni wewe unaye..."

Kwenye simu ya mzee, mkewe, waliyemzika mwaka jana, alikuwa amekaa juu ya godoro jipya. Akacheka sekunde sita, kisha tangazo likajifunga.

"Unasemaje?" mzee aliuliza bila kuinua macho.

Tunu alirudi kwenye kiti chake, akaweka mshale juu ya kitufe cha kuizuia simu ile isilione tena tangazo. Nyuma yake kicheko kikasikika upya, na mbele yake idadi ya mibofyo ikapanda kwa moja.