Samaki wa Siku ya Arobaini

Katika mji ule, mama ambaye mtoto wake amekufa maji huwalisha samaki wa mto ule ugali kwa siku arobaini. Wakiula, hana lawama. Mashavu alikuwa ameimaliza siku ya mwisho, na wanawake wamemshika mikono kumrudisha kwa mumewe, pale mtaalamu wa samaki aliyetega kamera majini alipowaita kwa furaha.

"Njooni muone samaki wenu wanavyokula!"

Akaipunguza kasi video ili waone vizuri. Samaki akadaka kipande cha ugali, akageuka, akakitema. Wa pili naye akatema.

"Kitendawili," akasema Bi Sikudhani, mama mkwe wa Mashavu. "Nimepokea mdomoni, tumboni sikuweka."



"Chakula cha muuaji," akajijibu.

Wanawake wakamwachia Mashavu, mmoja mmoja, wakajifuta viganja kwenye kanga.

"Lakini mama, hawa hula wadudu," mtaalamu akababaika. "Hata majani huyatema!"

Walikuwa wameshageuka.

"Rudisha nyuma, kaka," akasema Mashavu. "Labda yupo aliyemeza."

Akarudisha. Kwenye kioo cha kamera, kisamaki kidogo kikajitokeza nyuma ya jiwe, kikapanua mdomo.