Bendera Juu ya Bwawa

Anayeogelea kwa mgongo haoni aendako. Anaona mawingu tu. Ndiyo maana hufungwa kamba ya bendera juu ya bwawa, mita tano kabla ya ukuta. Tunu akizipita hurusha na kuhesabu mikono minne, kisha hugusa ukuta. Mwaka jana alikosea hesabu, akaugonga ukuta, akashonwa nyuzi saba kichwani.

Leo ni fainali ya kuchagua timu, na nafasi ni moja. Tunu alikuwa akivaa kofia ya mpira alipomwona Chande, mtunza bwawa, akipima mita tano kwa hatua zake. Na Chande, tusimsingizie, ni mfupi kiasi kwamba akikaa kwenye benchi miguu inaning'inia.

"Kocha, bendera ziko karibu mno na ukuta!"

"Mwanangu, mwaka jana ukuta, mwaka huu bendera. Mwakani utalaumu maji?"

Wenzake wakacheka. Tunu naye akacheka, kisha akaingia majini na kushika ukuta.

Kipenga kikalia. Akajisukuma, akaogelea kama anayefukuzwa. Kulia kwake alisikia mpinzani akiyachapa maji, sambamba naye. Kugeuza shingo atazame ukuta ni kuipoteza nafasi. Kupunguza mwendo, vilevile.

Bendera zikapita juu ya macho yake. Leo mikono minne ingekuwa mingi, lakini basi mingapi? Mmoja. Wa pili. Akafumba macho, akaurusha mkono nyuma kwa nguvu zote, vidole vikiutafuta ukuta ndani ya maji.