Sala ya Kufungulia Kompyuta

Siku hizi kompyuta mpya haifunguki mpaka imtambue mwenyewe kwa sala ambayo kompyuta yake ya zamani iliisikia kila siku, tena mbele ya shahidi wa familia. Eliwaza, ambaye mtihani wake wa masomo ya jioni ulikaribia kuanza kwenye kompyuta yake mpya, alimwita wifi yake, Ndekwa, awe shahidi. Akafumba macho, akawaombea wagonjwa, wajane na viongozi.

“Sauti ni yake,” ikasema kompyuta, “lakini sala siyo. Eliwaza huanza na wifi yake.”

Ndekwa akavuta kiti karibu. “Kumbe naombewa. Haya wifi, anza na mimi.”

Zilibaki dakika tatu.

“Bwana,” Eliwaza akanong’ona, “yule Ndekwa unamjua mwenyewe…”

“Ongeza sauti,” ikasema kompyuta. “Shahidi anatakiwa asikie.”