Nafasi Moja ya Kujiendeleza

Barua ilikuwa imefika aya ya nne, na Bi Semina hakuwa ameandika hata sentensi moja ya kweli.

"Ni mwalimu ambaye uwepo wake husikika kila anapoingia," aliandika, akatabasamu, kisha akaongeza: "Sote tunatamani kumwona akifika mbali." Hapo akasita kidogo. Hiyo ilikuwa kweli, lakini aliiacha.

Aliyekuwa akivishwa kilemba cha ukoka ni mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimpa jina la Shuka kwa sababu kipindi chake kilikuwa kizuri cha kulalia. Bi Semina alijihadhari asitaje hesabu wala darasa popote katika barua. Uongo nao una mipaka yake.

Shule ilikuwa ya kimataifa, na karibu walimu wote, yeye akiwamo, walitoka nchi za nje. Kila mwaka mwalimu mgeni mmoja alipewa nafasi ya kwenda kujiendeleza: miezi tisa ng'ambo, chuo chenye bustani, kipeperushi kilichojaa picha za watu wanaocheka. Mwalimu aliyefundisha vizuri hakupelekwa, maana akienda nani angefundisha? Alipelekwa yule ambaye shule ingepumua akiondoka, na kabla hajamaliza muhula wa kwanza huko, kazi yake hapa ilishatangazwa. Katika miaka sita walikwenda sita. Wote waliagwa kwa keki, na hakuna aliyerudi.

Bi Semina ndiye aliyekuwa msimamizi wa mafunzo ya walimu, na ndiye aliyependekeza nani aende. Jina la Semina alipachikwa na wenzake, naye alilipokea kama cheo. Kila Jumamosi asubuhi aliwakalisha kwa duara, akawagawia vikaratasi vya rangi, akawataka waandike hisia zao kuhusu ubao. Baadhi yao walifumba macho. Alijua wanatafakari.

Alipotangaza nafasi ya mwaka huu, walimu wote waligeuka wakamtazama yeye. Mwalimu wa muziki, mtu mpole asiye na maneno mengi, alisema, "Dada, hakuna anayestahili kama wewe." Wengine wakaitikia kwa kishindo ambacho hakijawahi kusikika siku ya Jumamosi.

Aliguswa mno. Lakini yeye kwenda lilikuwa jambo lisilowezekana. Mtoto wa mwalimu alisoma bure pale, kwa sharti kwamba mzazi yuko kazini, na binti yake alikuwa kidato cha mwisho, miezi minne kabla ya mtihani. Kumhamisha sasa kungekuwa kumvunja mtoto. Shuka naye alikuwa na wavulana wawili madarasa ya chini, lakini hao si walikuwa wa Shuka? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Akaipeleka barua ofisini kwa Mkuu wa shule, mama wa makamo aliyekuwa na tabia ya kusoma kila kitu mara mbili. Akaisoma mara mbili.

"Umeandika vizuri, Mwalimu. Haya yote ni kweli?"

"Kila neno, Mkuu. Tena nimejizuia."

"Akienda, pengo tutaliziba vipi?"

"Pengo?" Bi Semina alicheka. "Tuko wawili, Mkuu, tuambiane ukweli. Hata kiti kikikaa kitupu mwaka mzima, hakuna atakayelalamika."

Mkuu alitikisa kichwa taratibu. "Tatizo ni watoto. Mtu ana mtoto anasoma hapa, unamwondoaje katikati ya mwaka? Hilo limeninyima usingizi."

"Watoto huzoea haraka, Mkuu. Wiki mbili tu wamesahau."

"Nimefurahi kusikia hivyo kutoka kwako," alisema Mkuu, na kweli alionekana amefurahi. Kisha akauliza, kama mtu anayepitisha muda tu, "Na wewe hujawahi kufikiria kwenda? Walimu wamekuwa wakija hapa mmoja mmoja, na kila mmoja anakutaja."

"Wananipenda, nashukuru. Lakini mimi nikiondoka, Jumamosi watafanya nini?"

Mkuu alitazama dirishani, uso umemlegea kama mtu aliyekumbuka likizo. "Niachie barua," alisema. "Nitawasomea kesho wakati wa chai."

Kesho yake chumba cha walimu kilijaa mpaka mlangoni. Mkuu alisimama kando ya birika, akasema jina atalitaja mwishoni, akaanza kusoma. Bi Semina alisikiliza maneno yake mwenyewe yakipita juu ya vikombe na akaona kweli ana kalamu. Shuka alikuwa pembeni anachovya biskuti, hana habari na lolote. Maskini, alimwonea huruma, ingawa haikuwa huruma ya kumkosesha mtu chai.

Makofi yalianza kabla barua haijaisha. Bi Semina hakungoja kusikia jina; aliinuka wa kwanza, akapiga makofi kuliko wote, na alikuwa bado anapiga Shuka alipofika mbele yake, mkono mmoja ameunyosha na mwingine umeshika biskuti.

"Hongera, dada," alisema Shuka. "Tutakukumbuka."

Mkuu akamkabidhi barua. Jina la Shuka lilikuwa limekatwa kwa kalamu, na juu yake limeandikwa la kwake. Kwingine kote, Mkuu hakuona haja ya kubadilisha hata neno.