Ngiri Aliyeishtaki Nyumba Yake

Sikilizeni, na mwenye kujidai asogee mbele.

Ngiri alimpa Muhanga kazi ya kumchimbia nyumba. Muhanga, fundi asiyejua maneno ila kuchimba, akauliza, "Ndani nikuwekee nafasi ya kugeukia, bwana?"

"Ya nini? Sisi ngiri tunaingia kinyumenyume, meno yabaki mlangoni yamngoje adui. Chimba nyembamba."

Muhanga akachimba. Baadaye Ngiri akapata cheo, akaona haya kutanguliza makalio mbele ya wageni. Akawa anaingia kichwa mbele na kukwama. Basi akaita baraza mlangoni pake, akataka Muhanga apigwe marufuku asichimbe tena.

"Mlipatana nini?" akauliza hakimu Nungunungu.

"Nilimwagiza nafasi ya kugeukia," Ngiri akasema, wala hakupepesa macho. "Nyumba hii haiingiliki!"

Muhanga akainama. Shahidi hakuwa naye.

Mara Simba akanguruma kichakani. Ngiri akageuka hapo hapo, akarudi nyuma, akazama shimoni mwili wote kama mkono kwenye mfuko, meno yakabaki mlangoni.

Simba akapita zake. Nungunungu akalaza miiba, akachungulia. "Mbona umeenea, mheshimiwa?"

Ngiri akafumba macho, maana masikio hayafumbiki.

"Nafasi ya kugeukia nitakuchimbia, mzee," akasema Muhanga kwa upole. "Ila safari hii niagize mbele ya watu."

Ngiri akatamani ardhi immeze. Nayo ilikwisha kummeza, ikaacha uso tu.