Fundo la Tatu

Siku ya saba mtoto aliletwa sebuleni apewe jina. Ada ya mji ule ilitaka kila mtu mashuhuri aliyewahi kuitwa jina hilo atajwe kwa sauti, na kwa kila mmoja lifungwe fundo kwenye uzi wa mkononi mwa mtoto.

"Vuai wa kwanza alichimba kisima tunachokunywa mpaka leo," alisema Bi Nunu, bibi aliyefunga nyuzi za mji mzima. Akafunga fundo. "Wa pili alikuwa kadhi, hakupokea hata yai la mtu." Akafunga la pili, akashika mkasi akate uzi.

Mwanaidi, mama wa mtoto, akaudaka uzi. "Bado mmoja, bibi."

Wote sebuleni walimjua Vuai wa tatu, aliyewafungulia maadui lango la mji. Alikuwa baba yake Mwanaidi. Mume wa Bi Nunu aliuawa palepale langoni.

"Huyo hatajwi," mtu akasema kutoka mlangoni.

"Basi mwanangu atoke hapa bila jina. Sitaki aje kumsikia kwa watoto wenzake mitaani. Amsikie hapa kwanza."

Bi Nunu hakumtazama. Alimtazama mtoto.

"Wa tatu," akasema. "Wa tatu alifungua lango."

Akauweka mkasi sakafuni. Vidole vyake vikazungusha kitanzi kidogo kwenye uzi, vikasimama hapo kidogo, kisha vikakikaza.